Jibu Lisilo na Salamu

Ghala la Damu,
Chumba namba 4,
Mlango unaotazamana na jenereta.

Kumb. Na. GD/MAL/17

Kwa Mkurugenzi wa Huduma za Damu.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: MASHINE INAYOJIBU HOSPITALI BILA ADABU KWA JINA LA GHALA LANGU, NA OMBI LA KUBAKISHIWA SIMU

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila moyo umenichafuka. Mimi ndiye mtunza ghala la damu, huu ukiwa mwaka wangu wa ishirini na sita katika chumba hiki kimoja chenye majokofu manne. Kama jina langu limekutoka, ni yule ambaye wauguzi wa hospitali zote kumi na moja wanamwita Mzee Jokofu. Barua yako ya wiki jana imenifikia. Inasema kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao simu ya mezani iliyo mbele yangu itakatwa, kwamba kazi ya kuzijibu hospitali itafanywa na programu, na kwamba mimi nitahamia ua wa nyuma kuosha masanduku ya kubebea damu. Nimeisoma mara tatu. Katika ukurasa mmoja na nusu nimekuta neno "ufanisi" mara tisa, na neno "asante" sijalikuta.

Nahisi umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo nianze kwa kukueleza hasa kinachofanyika humu. Mpaka miezi minne iliyopita, hospitali ikihitaji damu ilipiga simu. Nilipokea, nikasikiliza, nikainuka kwenda kutazama jokofuni, nikarudi na jibu, na mwenzangu wa zamu akafungasha mifuko akampa dereva. Sasa kompyuta ya hospitali inaiuliza kompyuta yetu kupitia mtandao, na yetu inajibu yenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo kama picha ya ukutani. Simu bado ipo kwa wanaonikumbuka, nao wanapungua kila wiki.

Aliyetuletea haya ni fundi wetu wa programu, mama mtu mzima mwenye heshima zake, aliyepewa meza ya pili humu chumbani kwa sababu plagi ya ofisini kwake iliungua. Tunamwita Mama Mabano, kwa kuwa kila anachoandika anakitia ndani ya mabano yenye ncha. Kwa maelezo yake, programu hii hakuijenga kuanzia msingi. Alichukua kiunzi, yaani mifupa ya programu za mtandaoni iliyokwisha kuundwa na watu wengine, yeye akaongeza nyama. Swali likiingia, kiunzi kinatazama ni nani anauliza. Akiuliza mtu, anatengenezewa ukurasa wenye jedwali na rangi za kupendeza. Ikiuliza kompyuta, inatengenezewa jibu kwa mtindo unaoitwa XML, ambapo kila kitu kinatanguliwa na jina lake ndani ya mabano, kisha kinafungwa kwa jina lile lile tena. Niliomba nakala ya jibu mojawapo lililotoka kwa jina la ghala langu, nami nalinakili hapa:

<damu>
  <kundi>O hasi</kundi>
  <mifuko>3</mifuko>
</damu>

Ndugu Mkurugenzi, sijakata kitu. Hilo ndilo jibu zima la idara ya umma yenye mhuri na mlinzi getini. Malalamiko yangu ni haya.

1. Halina salamu. Mtu ana mgonjwa mezani, anauliza damu, na sisi tunamtupia namba kama tunamfukuza. Mimi nilikuwa nikipokea simu nasema, ghala la damu hapa, habari za huko, mmeamkaje. Sekunde kumi tu, na muuguzi wa upande wa pili anajua ameongea na mtu aliyelelewa. Nilimwomba Mama Mabano aongeze sehemu ya salamu juu ya kila jibu. Akaniuliza, "Sasa mzee wangu, hiyo salamu nani ataisoma?" Nikamwambia baba mkwe wangu hajawahi kuitikia salamu yangu hata siku moja, na bado nimempa kwa miaka thelathini. Alicheka, akavaa miwani yake, akaendelea na kazi. Nimeiandika tarehe ya kicheko hicho kwenye daftari langu.

2. Lina maneno mengi. Najua utasema nimetoka sasa hivi kulalamika kwamba ni fupi. Ni fupi kwa utu na ni refu kwa upuuzi. Kwa nini "kundi" litajwe mara mbili, "mifuko" mara mbili, "damu" mara mbili? Nani aliye kiziwi? Ili kuwa mkweli, nilijaribu mtindo huo nyumbani kabla ya kuulaumu. Nilimwambia mama watoto: chai, sukari, vijiko viwili, mwisho wa sukari, mwisho wa chai. Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kupima homa, kisha akaniletea kikombe hakina sukari hata chembe, na jirani aliyekuwa sebuleni akaaga mapema. Kitu kisichofaa mezani kwangu hakiwezi kuifaa wodi ya upasuaji.

3. Likikosa damu, linajivuna. Hili ndilo lililonitoa macho pima. Hospitali ikiulizia kundi tusilokuwa nalo, mashine inafungua "damu", inafunga "damu", katikati pakavu. Halafu juu yake, mahali ambapo macho ya mtu wa kawaida hayafiki, inaweka namba mia mbili. Niliuliza mia mbili ya nini. Nikaambiwa hiyo namba maana yake mambo yako sawa. Tumeombwa damu, hatuna, na mambo yako sawa! Mama Mabano akanieleza kwa upole, kwa sauti ile wanayotumia kwa wagonjwa wa macho, kwamba mia mbili haisemi damu ipo, inasema tu swali limefika na limejibiwa. Kwa hiyo mashine inajipongeza kwa kusikia. Mimi nikikosa damu nilikuwa nasema pole sana mwanangu, mpigie yule mnene wa ghala la ng'ambo ya mto, mwambie nimekutuma mimi. Katika XML, yule mnene hayumo kabisa.

4. Nilidharauliwa kikaoni. Kiliitishwa kikao cha kuchagua majina ya vitu vitakavyotiwa ndani ya mabano, nami nikaalikwa kama mjuzi wa ghala. Nilifika na orodha ya majina thelathini na manne, niliyoiandaa siku mbili, nikaipiga mstari kwa rula. Ilikuwemo salamu. Ilikuwemo pole. Zilikuwemo hali ya barabara, hali ya mvua, jina la anayeuliza, jina la mkubwa wake, na swali ambalo ni nguzo ya kazi yangu, nalo ni kama wamerudisha sanduku la juzi. Usilione dogo hilo. Zipo hospitali zinazochukua masanduku yetu na kuyafanya viti. Muuguzi wa hospitali ya namna hiyo akipiga simu, simpi jibu mpaka tumalizane kwanza habari ya sanduku, na nina fahari kusema kwamba masanduku hurudi. Katika majina yangu thelathini na manne lilikubaliwa moja, tarehe ya mwisho ya matumizi, na nilipotazama vizuri nikakuta Mama Mabano alikuwa nalo tayari kwenye orodha yake. Chai ya kikao hicho pia ilikuwa imepoa.

5. Mashine haivumilii hata kosa la mtu mmoja. Hapa natoa ushahidi wa macho yangu. Wiki tatu zilizopita Mama Mabano alitoka kwenda kupokea watoto wake shuleni, akaacha kompyuta yake wazi, na kwenye kioo ukawa wazi waraka ambao kiunzi huutumia kama kiolezo cha kila jibu. Niliona ni nafasi ya kuisaidia idara. Juu kabisa niliongeza sehemu ya salamu kwa kufuata mabano yao, nikaandika "Habari za kazi", nikabonyeza kitufe cha kuhifadhi, nikarudi kitini pangu nikiwa na amani. Salamu niliifungua lakini sikuifunga, kwa sababu katika malezi yangu salamu haifungwi, inaachwa wazi ili mwenzako aitikie. Unajua kilichotokea? Kompyuta za hospitali zote kumi na moja zilikataa kila jibu letu kwa dakika arobaini. Si salamu peke yake ziliyoikataa, zilikataa na damu iliyokuwa chini yake, eti jibu lililofunguliwa bila kufungwa si jibu. Katika miaka yangu ishirini na sita hakuna muuguzi aliyewahi kukataa damu kwa sababu nimesahau kusema kwaheri. Na dakika zile arobaini, Ndugu Mkurugenzi, simu yangu ililia bila kupumua. Walinipigia wote. Nilikuwa naongea na huku nainuka, naongea na huku nainuka, jasho linanitoka, na sijawahi kufurahi hivyo tangu mwaka uanze. Mama Mabano aliporudi alilikuta kosa kwa dakika mbili na hakuniuliza chochote. Nalichukulia hilo kuwa ni kukubali hatia.

6. Sasa niseme lililo moyoni. Katika jibu lile lote nililokunakilia hapo juu, tafuta mahali panaposema kuna mtu aliinuka kwenye kiti. Hapapo. Mifuko mitatu imejileta yenyewe jokofuni, imejipanga, imejihesabu. Mimi ndiye ninayeamka na kuwahi kusoma vipimajoto kabla jenereta halijazimwa. Mimi ndiye niliyelala chini sakafuni siku ile mlango wa jokofu la tatu ulipokataa kufunga, nikaukandamiza kwa miguu mpaka fundi akaja. Nimeumia, sifichi. Mtu akinimwagia unga wangu mwishoni mwa kazi, walau aumwage akinitazama usoni, asiumwage kwa barua yenye "ufanisi" mara tisa.

7. Kwa hayo yote, nadai kwa heshima na taadhima yafuatayo, na yote yanatekelezeka.

Simu isikatwe. Kila jibu la XML, kabla halijaondoka, litolewe kwenye karatasi na kuletwa mezani kwangu. Nitalisoma, nitaandika salamu juu kwa kalamu ya wino, nitaweka sahihi na mhuri, kisha Mama Mabano ataliandika upya kwenye kompyuta likiwa kamili. Nimepiga hesabu ya muda, na ni dakika ishirini kwa jibu moja, au thelathini na tano siku ambazo wino wa mhuri umekauka. Kompyuta za hospitali zisiulize kitu kati ya saa sita na saa nane mchana, kwa sababu na sisi tuna matumbo. Kompyuta itakayouliza bila kusalimu ijibiwe mwisho. Kompyuta itakayokuwa haijarudisha sanduku isijibiwe.

Ndani ya kila jibu kuwe na sehemu ya mtunza, na ndani yake jina langu, kubwa, lifunguliwe na kufungwa vizuri kama wanavyotaka wenyewe. Hapo nimelegeza msimamo.

Na mwisho, Mama Mabano apelekwe ua wa nyuma badala yangu, aoshe masanduku kwa muda wa miezi sita, ili ajue kuwa damu hubebwa kwa mikono na si kwa mabano. Sina kinyongo naye. Kompyuta yake inaweza kubaki, nitakuwa naitumia kuwekea glasi ya maji.

Nakiri kwamba tangu programu ianze hakuna hospitali iliyoleta lalamiko. Usidanganyike na hilo. Watu wakinyamaza, maana yake wamekata tamaa, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki na nguvu ya kulalamika kwa niaba yao. Kama utahitaji shahidi, mwenzangu wa zamu yupo, ingawa yeye huwa anasema mambo ni mepesi siku hizi, na wepesi ndio ugonjwa wenyewe.

Nategemea jibu lako kabla ya tarehe mosi. Naomba liwe refu, liwe la mkono, na lianze kwa salamu.

Nisalimie katibu muhtasi wako, ambaye kikohozi chake nilikisikia mpaka ngazi za chini na namwombea nafuu. Nisalimie madereva wote, hasa yule wa gari dogo ambaye haruki taa nyekundu hata akiwa na damu ndani. Wasalimie walinzi wa zamu zote mbili, mama wa usafi wa ghorofa yako, na shemeji yako niliyekutana naye kwenye msiba, sijui kama ananikumbuka. Msalimie pia Mama Mabano. Anakaa hatua tatu kutoka hapa nilipo, lakini kwa kuwa jambo hili ni la kiofisi namsalimia kupitia kwako.

Aliyeijibu simu hii kwa mdomo wake tangu ilipowekwa mezani,

Mtunza Ghala la Damu
(Mzee Jokofu)

Nakala: Jalada.

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, barua hii ilikwisha kuingia kwenye daftari la barua zitokazo na kupewa namba. Barua yenye namba haichanwi hapa ghalani, kanuni hiyo niliitunga mimi, kwa hiyo sina budi kuileta kwako pamoja na haya ninayoyaongeza saa kumi na moja jioni ya siku ile ile.

Ili niiandike kwa mwandiko mzuri, leo asubuhi niliondoa mkono wa simu nikaulaza juu ya meza, tangu saa nne mpaka saa tano na nusu, nisisumbuliwe. Saa nne na dakika arobaini na mbili, katika hospitali iliyo mbali kuliko zote kumi na moja, binti yangu wa kwanza alikuwa amejifungua na anatokwa damu isiyokatika. Sikujua kama yuko huko. Alikwenda kumtembelea mama mkwe wake, na siku zake zilikuwa bado hazijafika. Muuguzi wa zamu, mmoja wa wale wanaoniita Mzee Jokofu, alinipigia mara tano. Mara tano akasikia simu inatumika. Ndipo akageukia kompyuta.

Mama Mabano amenitolea kwenye karatasi kumbukumbu ya swali lile na jibu lake. Yote mawili yameandikwa sekunde ile ile. Kundi O hasi, mifuko minne, tarehe ya mwisho, basi. Swali halikusema mgonjwa ni binti wa nani, wala jibu halikuuliza. Mwenzangu wa zamu aliinuka, akafungua jokofu, akafungasha, akanipita nyuma ya kiti na sanduku mkononi. Nakumbuka vizuri kwamba alinipita, kwa sababu nilifunika barua hii kwa kiwiko ili asione ninachoandika.

Daktari amesema damu ingechelewa robo saa, tungekuwa tunaongea mengine. Nimekaa tangu mchana najiuliza simu ingekuwa mahali pake ingekuwaje. Ningepokea. Ningemwuliza muuguzi yule wameamkaje, barabara ya huko ikoje, na hospitali ile ndiyo yenye sanduku letu tangu wiki mbili zilizopita, kwa hiyo ningemwuliza na la sanduku, na nisingeinuka mpaka anijibu. Najijua.

Mkwe wangu alinipigia kwenye simu ya mkononi saa nane, analia, ananishukuru kwa damu niliyomtumia mke wake. Nilizipokea shukrani zile, sikumwambia kitu. Nakuambia wewe.

Nimekwenda meza ya pili kumwomba Mama Mabano radhi, na kumwambia ni nani aliyeifungua ile salamu. Amesema alijua tangu siku ile, na kwamba hakumwambia mtu kwa sababu alikwisha kujua kuwa zimebaki wiki chache simu yangu ikatwe.

Kwa hiyo naomba malalamiko ya 1 mpaka ya 7 yahesabiwe kuwa hayakuandikwa, na simu ikatwe siku yoyote mtakayoona inafaa. Mtoto ni wa kike, na mama yake ameweza kunywa uji. Sanduku lililowapelekea damu limerudi saa kumi, pamoja na lile la wiki mbili zilizopita, na nimeyaosha yote mawili. Tarehe mosi naiona mbali, nitaanza kesho.